Uzi wa Mita Moja: Muhula wa Kwanza wa Mwanafunzi wa Sayansi Mlimani

Muhula wa kwanza wa mwanafunzi wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maarufu kama Mlimani, huchukua takriban miezi minne, tangu vuli inapokaribia hadi joto kali la Februari. Kwa hesabu ya kalenda ni muda mdogo, lakini hakuna kipindi kingine katika masomo yake kinachombadilisha kwa kasi kama hicho. Anaingia akiwa amesoma sayansi kwa miaka mingi, ameifanyia mitihani ya Taifa na kuifaulu. Alichozoea ni swali ambalo jibu lake limechapwa katika kurasa za mwisho za kitabu. Mlimani anakutana na swali ambalo jibu lake lazima litoke mikononi mwake mwenyewe, likiwa na kasoro zake, na kasoro hizo nazo anadaiwa azipime.

Chuo chenyewe kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Kilihamia kilimani mwaka 1964, na mwaka uliofuata kikaanza kufundisha sayansi. Leo wanaopanda kilima hicho kila mwaka wa masomo unapoanza hutoka Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Tabora, na hutoka pia shule za kata ambako bureti moja ilizungukwa na darasa zima. Wiki za mwanzo huliwa na mambo ya kujisajili, kutafuta jina kwenye orodha ya Bodi ya Mikopo na kutafuta mahali pa kulala. Wenye bahati hupata kitanda Mabibo au katika hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017; wengine hupanga vyumba Changanyikeni, Msewe au Sinza; wapo pia wanaobebana, wawili kitanda kimoja, mpaka bumu, yaani fedha ya mkopo, litoke. Shida hizi ni za kweli na huwaumiza wengi, lakini ni za mwanafunzi yeyote, wa sheria au wa historia. Za mwanasayansi huanza ndani ya ukumbi wa mihadhara.

Jambo la kwanza linalomshtua ni wingi wa watu. Mhadhara wa fizikia wa mwaka wa kwanza hukusanya mamia ya wanafunzi, na karibu kila mmoja wao alikuwa wa kwanza au wa pili shuleni kwao. Mtu aliyezoea kuitwa kichwa anajikuta ameketi safu ya nyuma, haoni vizuri ubaoni, na jirani yake amekwisha kumaliza hesabu ambayo yeye hajalielewa hata swali lake. Majibu ya testi ya kwanza yanapobandikwa, wengi huona alama ambazo hawajawahi kuziona mbele ya namba yao. Ni pigo linalowatoa wengine machozi usiku, na si haki kulidharau. Kijana huyo amejijua kwa miaka mingi kupitia alama, na sasa alama zinamwambia kwamba hajijui.

Jambo la pili ni mwendo. Mada iliyofundishwa kidato cha sita kwa wiki nne hapa hupitiwa kwa mihadhara miwili, kisha mhadhiri husonga mbele akiamini kwamba aliyebaki nyuma atajisomea. Hakuna anayegonga mlango wa bweni kuuliza kama daftari limejazwa. Walioishi miaka yote kwa kengele ya shule ya bweni huupokea uhuru huo kama zawadi, na kwa wengi zawadi hiyo hugeuka kuwa deni kufikia wiki ya saba.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo linastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi kuliko linavyotazamwa katika mabishano ya sera. Mhadhara hutolewa kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, mtihani pia. Lakini mhadhara ukimalizika, wanafunzi hukusanyika kwenye vimbweta, zile meza za zege na viti vyake zilizotapakaa chini ya miti, na hapo mambo yaleyale hujadiliwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo dhana nyingi hueleweka kwa mara ya kwanza. Chukua dhana ya kazi. Mama ametoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani, uzito wa karibu niutoni 196, akatembea nusu kilomita kwenye tambarare. Kwa fizikia, kani anayoitumia kuishikilia ndoo ile haijafanya kazi yoyote, kwa sababu ndoo haikupanda wala kushuka. Likisemwa ukumbini kwa lugha ya kigeni, jambo hili huandikwa daftarini bila ubishi, maana neno lililotumika halimkumbushi mtu yeyote. Likisemwa kwenye kimbweta kwa Kiswahili, huzua zogo. Mama yangu hakufanya kazi? Jasho lile lilitoka wapi? Na jibu hutafutwa kwa nguvu: misuli ya shingo na ya miguu inajikaza na kulegea muda wote, inateketeza chakula na kukigeuza joto, wakati ndoo yenyewe haikuongezewa nishati hata kidogo. Aliyepita katika ubishi huo hatasahau tena maana ya kazi katika fizikia, wala hataichanganya na maana yake ya mtaani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Maneno kama kani, tungamo na kanieneo yapo. Kilichopungua ni mahali rasmi pa kuyatumia, na kimbweta kimejitolea kuwa mahali hapo.

Katika hisabati badiliko huja kimyakimya. Mwanafunzi aliyekuwa bingwa wa kutafuta kikomo cha kitendaji kwa mistari miwili anaulizwa kikomo ni nini. Anatakiwa aonyeshe kwamba kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri, hata iwe ndogo namna gani, ipo delta inayoitosheleza. Anatakiwa athibitishe kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili, jambo alilokuwa akiliamini tu kwa kuwa kikokotoo kilimwonyesha desimali zisizo na mpangilio. Wengi huichukia hatua hii, wakidhani wanacheleweshwa kwa mambo yaliyo wazi. Huchukua muda kutambua kwamba yaliyo wazi ndiyo yaliyowahi kuwadanganya wanahisabati wakubwa.

Maabara ndiyo kiini cha muhula. Kiswahili kinatumia neno moja, jaribio, kwa mtihani mdogo wa darasani na kwa kitendo cha kupima maumbile, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchanganya maana hizo mbili kabisa. Anaingia maabara akidhani yeye ndiye anayejaribiwa. Kwa hiyo katika kemia hufukuzia namba ambayo rafiki yake wa kundi la asubuhi alimnong'oneza, badala ya kungoja rangi ya waridi hafifu itokee yenyewe kwenye chupa ya titresheni. Katika biolojia huchora seli ya ganda la kitunguu akiweka kiini hata pale ambapo hadubini yake haikumwonyesha kiini chochote, kwa kuwa kitabuni kipo. Mchoro huwa mzuri, na ni wa uongo.

Mfano ulio bora zaidi ni wa pendulamu, ambayo ni miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa ya fizikia. Vifaa ni vichache hata mtu huona kama anapewa mchezo wa watoto: kitufe cha chuma, uzi wa mita moja, kishikio, rula na stopwochi. Kitufe huvutwa kidogo pembeni, huachiwa, na mwanafunzi huhesabu mizunguko 50 ya kwenda na kurudi. Muda wa mzunguko mmoja na urefu wa uzi vikijulikana, mchapuko wa graviti hupatikana kwa hesabu fupi. Kitabu alichokwenda nacho shuleni kimemwambia kwamba thamani yake ni 9.81, na namba hiyo ameiandika mara nyingi mno maishani mwake.

Sasa, 9.81 ni thamani ya Uingereza. Dunia si tufe kamili. Imevimba kidogo katikati, kiasi kwamba nusukipenyo chake kwenye Ikweta ni kilomita 6,378 na kwenye ncha ni 6,357, na mzunguko wake nao hupunguza kidogo mvuto kadiri mtu anavyoikaribia Ikweta. Dar es Salaam iko chini ya nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na thamani ya hapa ni karibu 9.78. Jambo hili halikugunduliwa kwa vyombo vya anasa. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na Ikweta upande wa Amerika ya Kusini, akaona inachelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku ikilinganishwa na mwendo wake wa Paris. Newton alilitumia jambo hilo katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687 kama ushahidi kwamba dunia imevimba katikati. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mlimani mwenye uzi wa mita moja yuko mahali pazuri kuliko mwenzake wa London: sakafu anayosimama juu yake ina jambo la kumwambia ambalo kitabu chake kimelinyamazia.

Lakini je, anaweza kulisikia? Hesabu yake ni hii. Ikiwa thamani ni 9.81, mizunguko 50 ya uzi wa mita moja huchukua sekunde 100.30. Ikiwa ni 9.78, huchukua sekunde 100.46. Tofauti haifiki hata sekunde 0.2, na huo ndio muda ambao kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza stopwochi baada ya jicho kuona. Tofauti nzima kati ya London na Dar es Salaam imejificha ndani ya kusita kwa kidole. Mwanafunzi aliyepima mara moja akapata 9.80 hajui chochote kuhusu dunia kuvimba. Anajua tu kwamba hakukosea sana. Akitaka kujua zaidi, lazima arudie mara kumi, au ahesabu mizunguko 200 badala ya 50, na abadilishe urefu wa uzi mara kadhaa, achore grafu ya muda kipeo cha pili dhidi ya urefu na kutazama mteremko wake. Lazima pia akumbuke kwamba urefu hupimwa hadi katikati ya kitufe, maana nusu sentimita aliyoisahau juu ya mita moja ingemharibia jibu kuliko kidole chake. Mwisho wa yote ataandika namba mbili: thamani aliyopata, na kiasi cha shaka kilichomo ndani yake. Namba ya pili ndiyo mpya. Shule haikuwahi kumdai.

Hapa ndipo wengi huanguka. Kundi likipata 9.77 huogopa, hufuta kwa raba, hurekebisha muda mmoja au miwili kwenye jedwali mpaka 9.81 itoke. Wenyewe huita kupika data, na hulisema neno hilo kwa wepesi, kama mtu anayesema ameongeza chumvi kwenye mchuzi. Ni kosa zito kuliko linavyoonekana. Kundi hilo lilikuwa limeshika mikononi ushahidi wa umbo la dunia, likautupa ili lifanane na kitabu kilichoandikwa nyuzi 51 kaskazini. Na alama walizopata kwa ripoti hiyo, hata ziwe nzuri, zimewafundisha kwamba maumbile yakipingana na kitabu ni maumbile ya kusahihishwa.

Tanzania ina historia yake katika suala hili, na haifai muhula wa kwanza wa sayansi upite bila kuisimulia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kawaida walichemsha maziwa, wakayatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Siku hiyo nafasi zilikuwa chache. Mwenzake mmoja aliweka ya kwake bila kuyachemsha, na Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu, na wanafunzi wenzake wakaligeuza jibu hilo kuwa la kumtania kila alipokosea.

Hakuacha. Alijipimia mwenyewe kwa bika mbili za maji katika maabara ya shule. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, alipokwenda Mkwawa kutoa mhadhara, Mpemba alisimama na kumuuliza mbele ya watu. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kulipima, na ahadi hiyo aliitimiza. Alipomwagiza fundi wake wa maabara kufanya jaribio, fundi alirudi na taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, na kwamba wangeendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Osborne mwenyewe ndiye aliyesimulia jambo hilo, na ni simulizi linalostahili kubandikwa kwenye mlango wa kila maabara ya mwaka wa kwanza: fundi yule alikuwa mtu mwaminifu, hakuficha alichokiona, ila alikuwa ameshajua jibu kabla ya kupima. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha pamoja makala katika jarida la Physics Education, na jambo lile likaanza kuitwa duniani kote kwa jina la kijana wa Kitanzania.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mnyonge, ikaishia hapo. Kwa mwanafunzi wa sayansi haijaisha. Wanasayansi wameendelea kubishana kama jambo lenyewe hutokea kweli, na katika hali zipi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha matokeo yao wakisema hawakupata ushahidi wa kutosha wa maji ya moto kupoa haraka kuliko ya baridi, na wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kidogo tu juu au chini kunatosha kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Hilo halimpunguzii Mpemba heshima yake hata chembe. Aliona, akauliza, akapima, akakubali wengine wapime. Ubishi unaoendelea baada ya miaka zaidi ya 50 ni dalili kwamba swali lilikuwa zuri. Mwanafunzi anayetaka kulipima tena leo atakabiliwa na maswali yaleyale ya pendulamu: kipimajoto kimewekwa wapi, kuganda kunahesabiwa tangu lini, na jaribio limerudiwa mara ngapi.

Kinachohuzunisha ni kwamba sehemu ya mwisho ya muhula haina subira na maswali ya namna hii. Kwa kawaida alama 40 hutokana na kazi na testi za muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Kuanzia Januari lugha ya wanafunzi hubadilika. Hausikiki tena ubishi wa ndoo na mama. Husikika madesa (notisi za kukariri), pasipepa (mitihani ya miaka iliyopita), sapu (mtihani wa marudio) na kudisko (kuondolewa chuoni). Watu huzama chimbo, hupiga msuli mpaka alfajiri, hukariri utatuzi wa maswali ya miaka mitano iliyopita. Haiwezekani kuwalaumu. Mkopo, nafasi ya chuo na matumaini ya nyumba nzima huko Kasulu au Nachingwea vimening'inia kwenye karatasi hiyo ya saa tatu. Lakini ni haki kusema kwamba chuo kinachodai kipimo chenye shaka yake Novemba na kudai jibu moja lisilo na shaka Februari kinamfundisha mwanafunzi vitu viwili vinavyogombana, na kati ya hivyo viwili, mwenye njaa ya alama atakishika kile kinacholipa. Ripoti ya maabara yenye 9.77 na maelezo ya kina ya makosa yake ilistahili alama nyingi kuliko ile yenye 9.81 iliyopikwa, na msahihishaji anao uwezo wa kufanya hivyo kuanzia muhula huu, bila kusubiri sera wala bajeti.

Matokeo yakitoka, wapo wanaobaki na A zao, wapo wanaorudi kufanya sapu, na wapo wachache ambao kitanda chao muhula wa pili hulaliwa na mtu mwingine. Baadhi ya waliobaki wanasomea shahada ya sayansi pamoja na ualimu. Baada ya miaka mitatu watakuwa wamesimama mbele ya madarasa yenye watoto wengi na vifaa vichache, na kutakuwa na mtoto aliyeona kitu jikoni kwao ambacho hakimo kitabuni.

Shule ya Mkwawa, ambako Mpemba alisimama akauliza, tangu mwaka 2005 ni chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walimu wa sayansi hufundwa hapo, na hapo hufanya muhula wao wa kwanza.